Buluu Iliyobaki Chini ya Mfuko

Mwaka 1942, katika kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu huko Alabama, kusini mwa Marekani, mjane aliyeitwa Missouri Pettway alizitoa nguo za kazi za marehemu mumewe, Nathaniel, akaanza kuzirarua. Suruali zilikuwa zimekwisha magotini. Mashati yalikuwa yamepauka mabegani kwa jua la shambani. Alizifungua, akachagua sehemu zilizokuwa bado na nguvu, akazikata vipande vya miraba na vya mistari, kisha akaviunga. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa bado msichana, alikaa naye akimsaidia. Mama alimweleza sababu: alitaka kutengeneza mfarishi wa kumkumbuka mumewe, wa kujifunika usiku ili alale katika pendo lake.

Arlonzia aliishi hadi mwaka 2008, na habari hiyo aliisimulia mara nyingi uzeeni. Mfarishi wenyewe upo mpaka leo. Urefu wake unapita mita mbili. Rangi zake ni za nguo iliyofuliwa mamia ya mara: kijivu, nyeupe iliyochoka, buluu iliyochujuka, na wekundu uliofifia. Hauna ua wala nakshi. Anayeutazama kwa makini anaona madoa, anaona mahali kitambaa kilipolika, na bila kuambiwa anatambua kwamba nguo hizi zilivaliwa na mtu aliyefanya kazi ngumu.

Mfarishi, kwa msomaji asiyelizoea neno hili la zamani, ni tandiko au blanketi la matabaka matatu: uso wa vipande vilivyoungwa, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Matabaka hayo hushikizwa kwa mishono inayopita toka juu hadi chini, pamba isije ikajikusanya upande mmoja. Watu wa mataifa mengi wamelala chini ya mifarishi. Lakini mfarishi wa nguo za kazi, hasa wa ovaroli na suruali za jinzi, una historia yake, na hakuna mahali historia hiyo ilipohifadhika vizuri kuliko katika kijiji cha akina Pettway.

Kijiji hicho kinaitwa Gee's Bend, yaani Kona ya Gee. Katika vitabu vya serikali jina lake tangu mwaka 1949 ni Boykin, ila wenyewe hawakuliacha la zamani. Gee alikuwa mwenye shamba kutoka North Carolina aliyefika pale mwaka 1816 na watumwa wake, akaanza kulima pamba kwenye udongo mzuri ambao Mto Alabama huulaza kila unapojikunja. Mwaka 1845 shamba likapita mikononi mwa jamaa yake aliyekuwa akiwadai warithi, Mark Pettway. Mwaka uliofuata Pettway alihama North Carolina na kwenda kulikalia shamba lake. Familia yake ilisafiri kwa magari ya farasi. Watumwa wapatao 100 walitembea kwa miguu nyuma yao, kutoka jimbo hadi jimbo, mpaka Alabama. Walipofika walipewa jina la bwana wao. Ndiyo maana hadi leo kijijini pale mtu akiita "Pettway", nusu ya kanisa inaweza kugeuka.

Hapa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kutega sikio. Miaka hiyohiyo merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na ndani ya muda mfupi kitambaa cheupe kigumu cha pamba kutoka viwanda vya New England kikawa nguo ya kila siku kutoka Unguja hadi Ujiji. Watu wakakiita merikani. Wapagazi walilipwa kwa merikani, mahongo ya watemi yalilipwa kwa merikani, na pembe za ndovu zilipimwa kwa dhiraa za merikani. Pamba ya viwanda vile ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, na Alabama ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kwa wingi wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ilikatika na merikani ikaadimika Unguja, hadi vitambaa vya Uingereza na India vikaziba pengo. Jembe lililolima pamba ile lilishikwa na watu waliotolewa Afrika, na shuka la merikani likarudi Afrika kununulia pembe na, mara nyingine, watu. Arlonzia Pettway mwenyewe alikuwa akimtaja bibi mkuu wa ukoo wao, Dinah Miller, aliyevushwa bahari kutoka Afrika akauzwa Alabama katika miaka ya mwisho kabla ya vita hivyo. Uzi unaounganisha Gee's Bend na bandari zetu ni uzi wa pamba halisi.

Jinzi nayo ilizaliwa kwa ajili ya mfanyakazi. Mwaka 1873 fundi cherehani wa Reno, Nevada, jina lake Jacob Davis, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco, walipata hataza ya kukaza suruali kwa vijipini vya shaba kwenye kona za mifuko, mahali ambapo suruali za vibarua zilikuwa zikichanika kwanza. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha pamba nzito kilichofumwa kimshazari. Nyuzi za urefu hutiwa nili, nyuzi za upana huachwa nyeupe. Ukiigeuza suruali ya jinzi ndani nje utaona weupe ule.

Tabia ya nili ndiyo iliyoipa jinzi maisha yake ya pekee. Rangi nyingi hupenya hadi kiini cha uzi. Nili huishia juujuu, ikaukumbatia uzi kama ganda, na ndani uzi hubaki mweupe. Kila msuguano hubandua chembe kidogo. Goti likipigwa chini kila siku hupauka. Paja linalobeba kikapu hupauka. Lakini mahali palipofunikwa na mfuko, jua halifiki na mkono hauparuzi, kwa hiyo buluu ya siku ya kwanza hukaa. Bandua mfuko wa ovaroli iliyovaliwa miaka mitano: chini yake kuna mraba wa buluu nzito, mpya kabisa, umezungukwa na kitambaa kilichokwisha rangi. Washonaji wa Gee's Bend walizijua alama hizo vizuri kabisa. Wangeweza kuzikata na kuzitupa. Wengi waliziacha zionekane.

Lutisha Pettway ni mmoja wao. Mnamo mwaka 1950 alishona mfarishi wa jinzi na pamba. Alifungua miguu ya suruali na kuipanga wima, bega kwa bega, kama nguzo. Macho yakiupitia yanakutana na buluu za kila namna: ya usiku, ya moshi, ya mbingu ya asubuhi, na ile iliyokaribia kuwa nyeupe. Katikati ya bahari hiyo mara panatokea kivuli cha mfuko au kiraka cha goti. Aliyezivaa suruali hizo hayupo, ila goti lake lipo. Rachel Carey George, aliyeshona wake mnamo mwaka 1938, alichanganya jinzi na suruali za sufu na kitambaa cha kufunikia magodoro. Michoro yote hii haikutoka kwenye kitabu. Kulikuwa na mitindo iliyorithiwa, kama ule wa Paa la Nyumba, ambao miraba yake huzungukana toka kati kwenda nje. Lakini kila mwanamke aliuvunja apendavyo, na mfarishi usiofuata mtindo wowote waliuita kwa jina linalofaa kabisa: "njia yangu".

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Jinzi ni nzito, na sindano ya mkono ikifika mahali panapokutana mishono minne hugoma. Ndiyo maana vipande vya mifarishi ya nguo za kazi ni vikubwa kuliko vya mifarishi ya kitambaa laini, na mishono yake ya kushikiza ni mirefu na ina nafasi. Uchache wa vipande ulitokana na ugumu wa kitambaa, na wanawake wale wakaugeuza kuwa uzuri. Pamba ya katikati iliokotwa kwenye sakafu ya kiwanda cha kuchambulia pamba, ile iliyobaki ikiwa imejaa takataka. Waliipiga kwa fimbo mpaka ikalainika na vumbi likatoka. Kitambaa cha chini kilikuwa magunia ya mbolea, ya unga au ya sukari, yaliyochemshwa na kufuliwa. Hata uzi ulipatikana kwa kufumua mishono ya magunia hayohayo.

Uungaji wa kipande kimoja kimoja ulifanywa na mwanamke peke yake nyumbani, jioni, baada ya shamba. Kushikiza matabaka ilikuwa kazi ya wengi. Fremu ya mbao ilining'inizwa darini, wanawake wanne au zaidi wakakaa pande zake, wakashona huku wakiimba na kusali. Wakimaliza wa mama huyu, kesho wanahamia kwa yule. Mtu aliyekulia penye ujima wa kulima au wa kuezeka hahitaji kuelezwa zaidi.

Mifarishi hiyo ilihitajika kweli. Majira ya baridi Alabama huleta barafu, na nyumba za Gee's Bend zilikuwa vibanda vya magogo vyenye nyufa zinazopitisha upepo. Watu walibandika magazeti ukutani kuzuia baridi. Mwaka 1937 mpigapicha Arthur Rothstein, aliyetumwa na serikali, alimpiga picha msichana akichungulia dirishani mwa kibanda cha namna hiyo, magazeti yakiwa kwenye ubao wa dirisha kando yake. Picha hiyo imezunguka dunia. Usiku watoto wa vibanda hivyo walilala chini ya mifarishi kadhaa iliyorundikwa, na uzito wake mgongoni ni jambo ambalo wazee wengi wa kijiji wamelikumbuka wanapoulizwa habari za utoto wao.

Umaskini ule ulikuwa na chanzo. Utumwa ulipokwisha, watu waliendelea kulima ardhi ileile kwa kugawana mazao na mwenye ardhi, huku mbegu na chakula wakikopa kwa mfanyabiashara wa Camden, mji ulio ng'ambo ya mto. Bei ya pamba ilianguka katika miaka ya 1920, na madeni yakapanda. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja aliyewakopesha akafariki, na mjane wake akataka deni lote kwa mkupuo. Watu wake walivuka mto na magari wakachukua nyumbu, ng'ombe, majembe, mahindi ya ghalani, kuku, viazi vilivyofukiwa ardhini. Zaidi ya familia 60 ziliachwa mikono mitupu mwanzoni mwa baridi. Chakula cha msaada cha Msalaba Mwekundu ndicho kilichowavusha.

Katika hali kama hiyo suruali haitupwi. Huvaliwa shambani hadi goti litoke. Hutiwa kiraka. Kiraka kikitoka hutiwa kingine. Ikishindikana kabisa kuvaliwa na mwanamume, hukatwa ikavaliwa na mtoto, na baada ya mtoto ndipo ikaingia kwenye mfarishi. Mfarishi nao ukichakaa uliwekwa chini ya mwingine kama godoro, au ukatumiwa kuziba ufa wa ukuta, na mwisho wake ukachomwa uani ili moshi wa pamba ufukuze mbu. Hesabu ya mifarishi mizuri iliyoishia kwenye moshi huo haijulikani. Kwa hiyo ile michache ya kabla ya mwaka 1950 iliyobaki ni ya kutunzwa kama nyaraka.

Serikali ya Rais Roosevelt ilinunua ardhi ya kijiji mwaka 1937, ikajenga nyumba mpya za mbao karibu 100, kisha miaka ya 1940 ikawauzia wakazi kwa mkopo nafuu. Hili lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mtu Mweusi mwenye hati ya ardhi yake kusini mwa Marekani hangeweza kufukuzwa shambani usiku kwa sababu alithubutu kusema jambo. Miaka 20 baadaye hati zile zilionyesha kazi yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1965 wilaya ya Wilcox, ambamo Gee's Bend imo, haikuwa na Mweusi hata mmoja kwenye daftari la wapiga kura, ingawa Weusi ndio waliokuwa wengi. Watu wa Gee's Bend walikuwa wamekwisha kuanza kuvuka kwenda Camden kudai kuandikishwa. Jibu lilitolewa mwaka 1962: kivuko kilisimamishwa. Safari ya dakika chache juu ya maji ikawa mzunguko wa karibu saa nzima kwa gari, na waliokuwa na gari walikuwa wachache. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini akahutubia kanisani wakati wa usiku. Mary Lee Bendolph, mama kijana aliyekuwa akishona tangu utoto, alikuwa miongoni mwa waliomfuata baadaye katika maandamano ya Camden, na huko akanywa maji kwenye bomba lililokuwa limetengwa kwa Wazungu. Alisema siku zote kwamba alitaka kujua kama maji yao yana ladha nyingine.

Desemba ya mwaka huohuo padri wa Kianglikana, Francis X. Walter, alikuwa akizunguka Wilcox kukusanya habari za watu waliofukuzwa kazini na mashambani kwa kudai haki. Njiani akaona mifarishi mitatu imeanikwa kwenye kamba. Alirudi tena na wazo: ainunue kwa dola 10 kila mmoja, mara mbili ya bei waliyozoea washonaji, akaiuze kwa mnada New York, na fedha zirudi kwa wenyewe. Mwezi Machi 1966 wanawake walikutana wakaunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, mmoja wa vyama vichache sana vya ushirika vya Weusi vilivyokuwa na nguvu katika eneo lile. Estelle Witherspoon aliuongoza kwa miaka mingi. Mifarishi yao ikaingia maduka makubwa ya New York na kurasa za magazeti ya mitindo. Mwaka 1969 walikwisha kununua ekari 23, wakajenga kiwanda chao cha kushonea, na sehemu ya ardhi wakaziuzia familia zilizofukuzwa mashambani kwa sababu ya kura.

Ila soko lina masharti yake. Maduka yalitaka kila mfarishi ufanane na mwenzake, pembe kwa pembe, kwa kitambaa kipya kilichochaguliwa na mnunuzi. Suruali kuukuu za jinzi hazikutakiwa. Mwaka 1972 kampuni ya Sears ikawapa zabuni ya kushona foronya za koduroi, kazi ya mashine, ya haraka, ya kulipwa kwa idadi. Fedha zile zililipa ada za shule na kununua majokofu, na haifai kuzidharau. Lakini wanawake walikuwa wakirudi nyumbani na makombo ya koduroi, mekundu, ya dhahabu, ya kijani cha parachichi, na hapo nyumbani, bila mnunuzi wa kuwaelekeza, wakaendelea kushona kwa njia yao.

Mwaka 1976 Annie Mae Young, mwanamke wa miaka 48, aliyaweka makombo ya namna hiyo katikati ya uso wa mfarishi: mistari myembamba ya koduroi, myekundu, ya dhahabu na ya kahawia, inayowaka kama kaa la moto. Kisha akaizunguka kwa vipande vipana vya jinzi kuukuu, buluu juu ya buluu, mishono ya mifuko ikionekana. Pale kati kuna kiwanda na mshahara, na pembezoni kuna shamba. Kwa mawazo ya mwandishi wa habari hii, huo ndio mfarishi mzuri kuliko yote iliyotoka Gee's Bend, na ni historia ya kijiji kizima iliyoandikwa na mtu mmoja kwa sindano.

Mpigapicha Roland Freeman alimpiga picha Bi. Annie Mae akiwa kando ya kuni zake, mfarishi huo ukiwa umetandazwa juu ya rundo. Picha ikatoka kitabuni mwaka 1996. Mkusanyaji wa sanaa kutoka Atlanta, William Arnett, aliiona, akafunga safari hadi kijijini kuutafuta. Bi. Annie Mae alikuwa amechoma mifarishi kadhaa wiki iliyotangulia kwa ajili ya mbu, na kwanza alidhani ule nao umekwenda na moto. Alipekua makabati, akaangalia chini ya vitanda, akauona. Alitaka kumpa mgeni bure. Arnett alimwandikia hundi ya dola elfu kadhaa kwa ule na mingine michache.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 2002 jumba la sanaa la Houston lilifungua maonyesho ya makumi ya mifarishi ya Gee's Bend, ambayo yalihamia jumba la sanaa la Whitney jijini New York na baadaye miji mingi. Wahakiki waliozoea kuandika juu ya wachoraji wakubwa wa karne ya 20 walisimama mbele ya suruali za Lutisha na kukiri kwamba wanatazama sanaa ya daraja la juu. Washonaji, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 70, walipanda basi kwenda kuziona kazi zao zimetundikwa ukutani, mahali ambapo mtu haruhusiwi hata kuzigusa. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, kivuko kilirudishwa mtoni. Kilikuwa kimekosekana kwa miaka 44.

Sifa hizo zilizaa swali la haki. Miundo ya mifarishi ilianza kuonekana kwenye mazulia, vitambaa vya mapazia na bidhaa nyinginezo, na baadhi ya wanawake wakauliza fedha hizo zinaingia mfukoni mwa nani. Mwaka 2007 Annie Mae Young na Loretta Pettway walifungua kesi mahakamani dhidi ya Arnett na washirika wake. Walioshtakiwa walikana kuwadhulumu, na mwaka 2008 pande zote zikapatana, kesi zikaondolewa. Mtu anaweza kumshukuru Arnett kwa kuiokoa mifarishi ile na moto wa mbu na bado akaona kwamba akina mama wale walikuwa na haki ya kuuliza. Pamba ya Gee's Bend ilitajirisha watu wa mbali kwa miaka 100 na zaidi, kwa hiyo mshonaji anayetaka kuona hesabu asionekane mkaidi.

Baadaye mizani ilianza kukaa sawa zaidi. Taasisi aliyoiasisi Arnett ilitoa kazi 57 kwa jumba la Metropolitan la New York mwaka 2014, mifarishi 20 ya Gee's Bend ikiwamo. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa heshima ya juu kabisa ya taifa lao kwa wasanii wa jadi. Na kuanzia mwaka 2021 wanawake kadhaa wa kijiji walisaidiwa kufungua maduka yao wenyewe mtandaoni, kila mmoja kwa jina lake, bei akiipanga yeye.

Mary Lee Bendolph anastahili kutajwa tena kwa jambo moja. Wakati mmoja jamaa yake wa mbali alimtumia rundo la nguo kuukuu za kugawa kijijini. Zilikuwa suruali za bugaluu, zilizopitwa na wakati, hakuna aliyezitaka. Aliona haya kuzitupa, akazishona mifarishi. Alikuwa akieleza kwamba nguo iliyovaliwa ina roho na upendo ndani yake, na kwamba kitambaa kipya hakina hayo. Mshonaji yeyote aliyewahi kufungua suruali ya jinzi ya mtu anayemjua atamwelewa. Mfuko una umbo la funguo zake au la pakiti yake ya sigara. Pindo la mguu mmoja limelika kuliko la mwingine, kwa sababu alikuwa akitembea hivyo.

Zamani, majira ya kuchipua yalipofika, kila nyumba ya Gee's Bend ilitoa mifarishi yake nje ikapate upepo na jua baada ya baridi. Watu walipita barabarani wakiangalia kamba za majirani, wakachukua mawazo. Desturi hiyo sasa imepewa siku. Tangu mwaka 2022, kila mwezi Oktoba, Boykin huandaa tamasha la kuanika mifarishi. Wageni hufika kwa mamia, wengine kwa kivuko kutoka Camden. Mifarishi hutundikwa kwenye kamba na kuta za nyumba, ya koduroi, ya pamba, ya jinzi, na wenye kuishona huwa papo hapo. Anayetaka kununua humuuliza mshonaji mwenyewe bei.